Bunduki ya Baba na Kiti cha Nyuma

Baba yangu hakuwa mtu wa kumnyima mtu lifti. Huku kwetu, upande wa Ilongero, ukienda Singida mjini gari likiwa na nafasi, halafu ukampita jirani amesimama na ndoo yake ya mayai, utasemwa mpaka uchoke. Mimi nina gari dogo la kubebea madumu ya mafuta ya alizeti, na baba akiwa ndani ni kama nimeajiriwa na kijiji kizima. Simama hapa, mpakie yule, mpokee huyu gunia lake. Isipokuwa siku ya bunduki.

Ilikuwa bunduki ya mitutu miwili, aliyoimiliki kihalali tangu sijaolewa, kwa ajili ya fisi wanaosumbua mazizi. Kila polisi walipotaka kuikagua, aliipeleka mjini, na dereva wake ni mimi. Siku hizo alikuwa mkali kuliko mwalimu wa zamu. Leseni mfukoni mwa shati. Risasi ndani ya kopo, kopo ndani ya droo ya mbele, droo imefungwa kwa ufunguo. Bunduki yenyewe kwenye mfuko wa turubai wenye kufuli, imelazwa kiti cha nyuma na kukazwa kwa mikanda, na huko nyuma hakai mtu. Hatusimami kunywa chai. Yeye hashuki garini mpaka kituoni, hata akibanwa na mkojo anajikaza. Kuna mwaka nilimwambia apumzike, nitaipeleka peke yangu. Aliniangalia kama niliyemtukana.

"Leseni ni yangu, mama, si ya gari lako."

Na kabla haijaingia kwenye mfuko, lazima ikaguliwe na watu wawili. Aliifungua katikati, midomo ikitazama chini, akachungulia, akasema "tupu." Kisha zamu yangu, nami nichungulie na niseme. Jambo hili lilikuwa likiniudhi kwelikweli. Baba umeshatazama, mimi natafuta nini tena? Lakini hakuna safari iliyoanza bila mimi kusema.

Mara ya mwisho ilikuwa baada ya mavuno ya alizeti. Aliifungua, akakunja uso, akachungulia, akasema tupu. Nikainama huku mawazo yangu yapo kwa wateja wangu wa mafuta. Mtutu wa kushoto ulikuwa na risasi.

"Baba, ina risasi."

"Haina."

"Weka kidole."

Akaweka. Nikaona uso wake ukibadilika. Siku chache kabla alikuwa ametoka nayo kwa ajili ya fisi, hakupiga, akarudi ndani akatoa risasi ya mtutu mmoja na kuusahau wa pili. Tangu hapo ilikuwa imekaa hivyo kwenye kabati lake, chumba kilekile wanamolala wajukuu zake. Sasa aliitoa taratibu, akaitia kwenye kopo, tukafunga kila kitu kama kawaida.

Nikawasha gari, tukaondoka. Jicho moja la baba lilikuwa na ukungu muda mrefu, na sote nyumbani tulijifanya hatujui, kwa sababu fisi akilia wenye ng'ombe walimpigia simu yeye, na hilo ndilo lililokuwa likimfanya aendelee kutembea wima. Njiani nikaamua nitawaambia polisi kuhusu macho yake. Nilijua wataichukua bunduki, na nilijua huenda hatanisamehe.

Kwenye njia panda jirani yetu mmoja, mama wa mayai, akatusimamisha.

"Shikamoo baba. Mnaenda mjini?"

"Marahaba. Gari limejaa, mama."

Akachungulia kiti cha nyuma, akaona mfuko mmoja tu wa turubai.

"Limejaa?"

"Limejaa."

Mwenye bunduki hatangazi barabarani kwamba anayo. Nikakanyaga mafuta kwa aibu, tukamwachia vumbi.

Kituoni nilikuwa bado natafuta pa kuanzia wakati baba alipomsalimia askari na kumwambia, "Macho yangu hayaoni vizuri tena. Nimekuja kuirudisha."

Askari akamuuliza kama ana uhakika. Baba akasema anao. Akaifungua bunduki, midomo chini, akachungulia, akasema tupu. Kisha akamsubiri askari naye achungulie na aseme. Akakabidhi kopo, akakabidhi leseni, akaukunja mfuko mtupu vizuri kama mtu anayekunja shuka. Nilifurahi na niliumia, vyote kwa pamoja.

Wakati wa kurudi tukamkuta yule mama karibu na stendi, ndoo tupu mkononi, akibishana na kijana wa bodaboda.

"Simama," baba akasema.

Yule mama akapanda nyuma, bado amenuna. Tukatoka mjini.

"Baba," yule mama akasema, "asubuhi gari lilikuwa limejaa nini?"

Baba aliendelea kutazama barabara.

"Mzigo. Nimeushusha."

Mama wa watu akaguna, hakuridhika. Baba akainama mbele, akakaribia kugusa kioo kwa pua.

"Pale mbele ni mtu au kisiki?"

"Ni mtu, baba."

"Simama tumchukue. Nafasi ipo."