Umri wa Bastola ya Mzee

Miaka ile nilikuwa dereva wa familia moja ya Waarabu huko Al Warqa. Arbab, ndivyo tulivyomwita tajiri wetu, aliishi na baba yake, mzee aliyefanya biashara Mombasa ujanani na ambaye bado alikuwa na Kiswahili kizuri kuliko changu mimi mtu wa bara. Alikitumia zaidi kunigombeza.

Nyumbani mle mlikuwa na bastola ya zamani. Wageni wa mzee, kahawa ikishamiminwa, walipenda kuulizana nani aliachiwa nini na wazee wake. Hapo mzee huitoa sandukuni: ya marehemu babake, aliyefariki yeye akiwa angali ananyonya. Wageni huguna kwa heshima, nami mlangoni naguna nao, sijui kwa nini.

Arbab akaamua itundikwe ukutani ndani ya kioo, na kibao cha shaba chenye mwaka. Nikatumwa kumpeleka mzee kwa fundi wa silaha Al Quoz, vibali vyote mkononi. Kabla ya kuondoka, arbab, ambaye elimu yake ya silaha ilitoka kwenye simu, alitusomesha uani mpaka jasho likanitoka: magazini ya risasi ikae mbali, chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, mdomo usimwelekee mtu, na tusidhani nyundo ikilala basi hatari imekwisha, maana aina ile ukivuta triga tu nyundo inajiinua yenyewe na kupiga. Sanduku likatiwa kufuli, likalazwa kwenye buti. Chuma kile hakikuwa kimeona risasi miaka mingi, lakini siku hiyo kilisafiri kama waziri.

Njiani mzee hakunigombeza hata mara moja. Hapo ndipo ningepaswa kujua kuna jambo.

Fundi akaifungua, akasoma mihuri midogo iliyogongwa kwenye mtutu, akalinganisha namba na kitabu chake. Kisha akamtania mzee kwa upole.

"Baba, hii si kuukuu sana. Ilipotoka kiwandani, wewe ulikuwa umeshaota ndevu."

Mzee akasema shukran, akaomba irudishwe sandukuni. Nilimwonea huruma, nikajionea na mimi, kwa sababu nilijua nani ataulizwa, na arbab alikuwa ameshamfukuza mpishi kwa uongo wa maziwa.

Hatujatoka Al Quoz, simu ikalia kwenye spika ya gari.

"Yalla, amesema ya mwaka gani?"

"Ni ya zamani, sir, ila mihuri imefutika. Hawezi kutaja mwaka."

"Wallahi?"

"Wallahi, sir." Mimi, Mkristo wa kubatizwa mtoni.

"Khalas. Kibao kitaandikwa tu kwamba ilikuwa ya babu."

Akakata. Mzee akanigeukia.

"Babangu hakuniwachia kitu, mwanangu," akasema. "Hata kanzu. Na wageni wakawa waniuliza kila siku. Nikenda nikajinunulia."