Kipande Kilichomdondoka Lambert

Mdogo wangu Lambert nilimlea mimi. Mama alipokufa niliacha shule nikaenda kufua mashuka ya hospitali, yeye akasoma, na hakuna mtu hapa Nijmegen, Uholanzi, wa kuniambia nilikosea.

Kazi yake ilikuwa moja maisha yote: kutengeneza tando za sumaku pale chuo kikuu. Tabaka la kobalti, tabaka la platini, tena kobalti, tena platini, juu ya kipande cha kioo kama ukucha. Matabaka yote pamoja hayaukaribii hata unene wa unywele. Alizitengenezea ndani ya tungi la chuma lisilo na hewa kabisa. Kisha wanafunzi huzipiga kwa mmweko wa leza, nguvu ya sumaku ikaanguka na kuinuka kabla kope haijapepesa. Wanataka kujua inaangukaje. Nilimuuliza siku moja, yawafaa nini hayo?

"Dada, wewe ulifua mashuka yakachafuka tena. Nilikuuliza?"

Alipokaribia kustaafu, kikombe chake cha kahawa kikaanza kugonga kisahani.

"Mkono huo," nikamwambia.

"Baridi."

"Kiangazi hiki cha Julai?"

Akachukua biskuti yake moja, akafunga kopo. "Utando wa Femke ukiisha nitawaambia chuoni. Si kabla."

"Kichwa kigumu wewe."

"Nimelelewa na nani?"

Utando wa huyo Femke, mwanafunzi wake wa mwisho, ulitoka vizuri kuliko zote. Lakini siku ya kuutoa, alipokuwa akiusogeza kwa fimbo ndefu ya chuma inayoingia tungini, mkono ukacheza. Kipande kikadondoka. Kilionekana kupitia kidirisha, kimelala kifudifudi, na hakuna mkono wa kukifikia. Kukitoa ni kufungua tungi. Hewa ikishaingia, kulisafisha ni wiki nyingi za kulipasha moto, na mashine yenyewe ilikwisha kupangiwa kung'olewa yeye akistaafu. Ikifunguliwa imekwisha, na yeye naye.

Basi akamwambia Femke utando bado unapoa. Akawa anashinda pale kidirishani akikidokoa kwa fimbo. Nilimpelekea supu ya njegere nikamkuta jasho linamtoka.

"Lambert, mtoto wa watu anasubiri."

"Nitakipata."

"Hukipati. Unakikwaruza tu."

Alichungulia tena, muda mrefu. Kisha akamwita Femke, akamwambia yote, mkono na kipande.

Yule binti akachungulia kidirishani. "Si ulisema unapoa, mzee? Zamu yangu ya leza nilimpa mwingine jana. Nyingine sina."

Lambert akafungua vali mwenyewe, kwa mikono miwili. Hewa ikaingia kwa mluzi, kisha kimya. Kipande kilitoka kimekwaruzika mistari mistari. Femke hakukipokea.

Sasa Lambert anakaa kwangu. Kahawa anainywa kwa bakuli, na biskuti namchovyea mimi. Habari za tando hazitaji, nami simuulizi.