Viatu vya Mlangoni kwa Bi Muzna

Siham binti Mohsin wa Chumbageni alikwenda Ujerumani kusomea sanaa, na kwa miaka mitatu hapakuwa na mtu mtaani aliyeweza kusema anasoma nini hasa. Hata mimi, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu, na mwenye diploma ya ujenzi iliyosimama katikati kama ghorofa lililoishiwa nondo, nikiulizwa nilikuwa najibu kwamba anachora, ili mazungumzo yaishe. Hakuwa anachora. Kuchora alikuacha mwaka wa kwanza.

Alikuwa anapanga vitu. Ndiyo elimu yenyewe. Unachukua chumba kitupu, unatia humo vitu ulivyovitengeneza kwa mikono yako, watu wanaingia, wanazunguka, wanatoka, na wakitoka inatakiwa wawe wamehisi jambo. Mwaka wa pili alituma picha ya viti arubaini vilivyoning'inia darini kwa kamba za katani. Babake, Mzee Mohsin, ambaye anauza vifaa vya ujenzi, aliikuza ile picha kwenye simu mpaka ikawa ukungu, kisha akauliza watu watakaa wapi. Siham akamjibu kwamba hakuna wa kukaa. Mzee akairudisha simu kwa adabu, kama mgeni anayesogeza sahani ya chakula asichokijua.

Si mkali yule mzee. Mkali angekuwa nafuu, maana mkali unajua utamkwepea wapi. Mzee Mohsin ni mtu wa kutaka kuelewa. Dukani kwake kila kitu kina kazi na kina mahali pake, na ukimuuliza bawaba ya aina fulani anaiendea macho yamefumba. Kwa hiyo Siham aliporudi likizo mwezi wa sita, kabla ya mwaka wake wa mwisho, babake alimketisha sebuleni akamwambia maneno machache tu, na Siham alinisimulia yote siku ile ile, uso umemshuka.

"Nionyeshe kitu kimoja ulichojifunza, nikielewe. Nikikielewa, nakupa radhi ukamalize. Nisipokielewa, utabaki hapa na nduguyo Luay dukani, na sitakulaumu."

Chuo kilikuwa kinamsomesha, nauli ilikuwapo, viza ilikuwapo. Isiyokuwapo ni radhi ya baba, na Siham, pamoja na ujasiri wote wa kubishana na maprofesa, si mtu wa kupanda ndege bila hiyo. Mamake, Bi Afra, angeweza kumwombea, lakini alikuwa Muscat kwa dadake aliyejifungua, na kwa simu alisema tu: msikilize babako.

Siham akaomba ufunguo wa nyumba ya bibi yake, marehemu Bi Muzna, mamake Mzee Mohsin. Nyumba iko mitaa miwili nyuma ya kwao, na ilikuwa imefungwa tangu bibi afariki miaka miwili nyuma. Akapewa. Kisha akanitafuta mimi, kwa sababu niliwahi kufanya kazi na mafundi wa dari za jipsam. Wale huchanganya unga wa jipsam na nyuzi za katani ili usipasuke ukikauka, na yeye alitaka kujua vipimo.

Nikamuuliza tunatengeneza nini. Viatu, akasema. Nikamwambia viatu vinauzwa. Akasema si vya kuvaa. Nikamuuliza sasa vya nini, akaniambia nikijua nitavitengeneza kwa kujua, na yeye hataki. Nikachukua ndoo. Mambo nisiyoyajua ni mengi, moja zaidi halikuniongezea uzito.

Wiki tano nilikoroga jipsam kwenye ua wa marehemu. Yeye alikuwa anafinyanga kalibu za udongo, tunamimina, tunasubiri, tunabandua, anapaka rangi. Ndala zilizolika kisigino, makubadhi ya wazee, yeboyebo za watoto, viatu vya kike vyenye ua lililong'oka. Kila kimoja alikuwa anakitazama, anatazama simu yake, anatikisa kichwa, tunaanza upya. Ukisimama hatua tano ungeapa ni viatu vya kweli. Ukikishika tu ndipo unahisi baridi na uzito. Zilitimia jozi tisini na sita.

Alhamisi asubuhi tulivipanga. Tulivimwaga kuanzia kizingitini, barazani, ngazi zote hadi mchangani. Mlango akauacha wazi, na ndani, kwenye chumba kitupu cha mbele, akatandika mkeka mpya mmoja. Alikuwa anapanga kupiga picha za chuo kwanza, halafu mchana amlete babake. Ila picha zilitakiwa zipigwe kutoka juu, na ngazi ya kupandia hatukuwa nayo. Tukaenda Makorora kuiazima kwa fundi Kombo. Kombo alikuwa ametoka, ngazi ameifunga kwa mnyororo kama mbuzi mkorofi. Tukamsubiri.

Sasa mtu wa Tanga akiona nyumba iliyokuwa imefungwa iko wazi, na mbele yake viatu vimemwagika namna ile, hahitaji tangazo. Arusi ingekuwa na sauti. Maulidi yangekuwa yamealikwa. Viatu vingi na kimya ni msiba, na msiba hauulizwi mlangoni. Unavua, unaingia, unakaa, na jina la marehemu utalipata kwa kusikiliza.

Wa kwanza alikuwa Bi Kijakazi, mwanamke mzee wa nyumba ya jirani, aliyetoka kwenda kununua mbaazi. Alipoviona vile viatu alirudi kujifunga kanga ya heshima, akavua ndala zake miongoni mwa zile za jipsam, akaingia. Akakuta mkeka na kuta. Akaamua wafiwa wako chumba cha ndani, akaketi, akaanza kulia taratibu, kilio cha akiba, kinachoweza kumfaa marehemu yeyote. Waliompita wakamsikia. Kufikia saa nne wanawake walikuwa wamejaa ndani na wanaume barazani, na Mzee Idarusi wa msikitini ameshaleta mikeka na kasha la juzuu za Kurani.

Lililowatatiza ni hesabu ya watu. Viatu vile vyote, na wenyewe hawaonekani. Mzee Idarusi akakata shauri kwamba wamekwenda kuzika. Bwana mmoja akauliza kwa sauti ya chini, wamekwenda kuzika pekupeku? Mzee akamtazama sana, akamwambia huzuni haichagui kiatu. Yule bwana akatosheka kidogo, kisha akaonekana anawaza upya.

Ndipo tulipotokea sisi, ngazi begani. Watu wakatupisha kwa heshima, na nikaona macho yanaifuata ile ngazi, kila mmoja akijaribu kuipa kazi katika mazishi.

Bi Kijakazi akatoka ndani mikono mbele, akamkumbatia Siham.

"Pole, mjukuu wangu. Pole sana."

Na Siham akajibu, "Nimeshapoa, bibi."

Angejibu nini? Ukiambiwa pole, unapoa. Umefundishwa hivyo kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Ulimi ulijibu, kichwa kilikuwa bado kiko Makorora. Lakini kwa neno hilo alikuwa ameua mtu, ikabaki kujua ni nani. Kilio kikapanda ndani. Barazani wakaanza kupiga mahesabu: Luay alionekana asubuhi akifungua duka, Bi Afra yuko Muscat. Jina likatembea kutoka sikio hadi sikio, na lilipofika kwangu lilikuwa limeshaongezewa "Allah amrehemu."

Siham alinivuta pembeni ya ukuta. Alikuwa anatazama viatu. Vya watu na vyake vilikuwa vimechanganyika, huwezi kutofautisha.

"Sele, wameingia kwenye kazi yangu."

"Waambie hakuna aliyekufa."

"Nitawaambiaje na wameshakaa?"

Hilo nalo lilikuwa la kweli. Niliitafuta sentensi ya kuwainua watu sitini kutoka kwenye msiba bila kuwavunjia heshima, sikuipata, na sidhani imo hata kwenye diploma kamili.

Mzee Mohsin alizipata habari dukani. Jirani yake wa duka la pili alikuwa anateremsha mlango, akamwambia anakwenda matangani, kwenye nyumba ya marehemu Bi Muzna. Mzee akaja na penseli yake sikioni, anatembea upesi. Alipofika, Mzee Idarusi alikuwa ndio kwanza ameinua mikono kumwombea dua Mohsin huyo huyo, kwa jina lake na la babake. Akamwona. Mikono ikabaki juu.

"Mohsin," akasema.

"Naam."

"Uko hapa."

"Nimeambiwa kuna msiba kwetu. Nani kafa?"

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Siham akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya babake. Alikuwa amejitayarisha wiki tano kwa ajili ya mchana ule, ana maelezo yaliyopangika, na sasa watu wote wanamtazama yeye.

"Hakuna aliyekufa, baba. Hii ndiyo kazi yangu. Ndiyo niliyotaka kukuonyesha."

Minong'ono ikapita barazani, ikafa. Mzee Mohsin akatazama viatu. Akachuchumaa, akaokota kubadhi moja, uzito ukamshtua, akaligeuza, akaligonga kwa kucha.

"Jipsam," akasema.

"Na katani," nikasema mimi, sijui kwa nini.

Siham akatoa simu, akaeleza. Siku bibi alipofariki yeye alikuwa kwenye mtihani, na walipompa habari bibi alikuwa ameshazikwa. Aliwaomba picha. Luay, katika haraka zake, akapiga moja tu, na haikuwa na mtu hata mmoja: mlango na viatu. Hicho ndicho alichokipata cha msiba wa bibi yake. Ameitazama miaka miwili. Hivi viatu ndivyo vile, jozi kwa jozi.

Mzee alishika simu, akatazama picha, akatazama baraza. Mkono wake ukaenda kizingitini, kwenye makubadhi yenye gidamu iliyotiwa waya.

"Hivi vyangu."

"Ndiyo, baba."

Akasimama. Bi Kijakazi ndani aliacha kulia ili asikie. Kisha akawageukia watu akasema, kwa sauti ya dukani, kwamba leo anasomewa hitima marehemu mama yake, tangazo lilichelewa, wamwie radhi. Akamwita Luay kwa simu alete mchele na nyama. Nikaona mabega ya watu yanashuka. Mzee Idarusi, kwa furaha ya mtu ambaye mikono yake imepata kazi, akaanza kugawa juzuu.

Hitima ikasomwa. Watu wakala. Siham hakutia tonge kinywani. Alinifuata kwenye jiko la uani nikipakua wali, akaniuliza babake ameelewa au ameficha aibu. Nikamwambia sijui. Akaniuliza basi kilichotokea ni kazi yake au si kazi yake. Nikamwambia anipishe, moshi unaniingia machoni. Wakati wa kuondoka ilikuwa vurugu nyingine: watu wanatia vidole kwenye ndala zisizopinda, Mzee Idarusi akang'ang'ana na kubadhi la jipsam mpaka likamkatikia mguuni, akaomba msamaha hajui anamwomba nani. Na Mzee Mohsin akarudi dukani bila kusema neno juu ya radhi.

Siham alibaki hadi magharibi akivirudisha viatu kama vilivyokuwa kwenye picha. Jioni alimpigia mwalimu wake, mama mmoja aitwaye Bertha, kumweleza. Bertha akauliza kama wale watu alikuwa amewapanga. Hapana. Akauliza kama watakuja tena. Siham akakata simu, akaniambia ni mtandao.

Ijumaa asubuhi tukaenda kupiga picha. Tukamkuta babake amefika kabla yetu, peke yake, ameinama kwenye ngazi za baraza. Alikuwa anageuza viatu vilivyolala juu chini, kimoja kimoja, nyayo ziangalie ardhi.

"Shikamoo, baba. Hivyo niliviacha makusudi. Kwenye picha ndivyo vilivyokuwa."

"Marahaba. Vilikuwa hivyo kwa sababu siku ile sikuwa na nguvu ya kuinama." Akageuza kingine. "Kiatu hakiachwi kikaelekeza unyayo mbinguni, na mlangoni kwa mama yangu."

"Ukivigeuza si kazi yangu tena."

"Ni ya nani?"

Mzee akajinyoosha, mkono kiunoni.

"Utasafiri lini?"

"Kwani umeielewa, baba?"

"Hitima naielewa. Hukuwahi msiba wa bibi yako, umerudi umemsomeshea hitima. Mtu asielewe nini hapo?"

"Si hitima."

"Basi ni nini?"

Alimsubiri kwa dhati, kama anavyomsubiri mteja aseme anataka msumari wa inchi ngapi. Siham akafungua kinywa. Mimi niliyekuwa nimemsikia akizungumzia viti vya kuning'inia saa nzima bila kunywa maji, nikakaa tayari. Kinywa kikafunga.

"Radhi yangu unayo," Mzee akasema. "Nenda kamalize. Hilo huenda wanalifundisha mwaka wa mwisho."

Akarudi kwenye viatu vyake, au vya Siham, au vya wale waliokuja siku ile ya mazishi. Mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya ngazi na kamera, nikauliza nipige sasa au nisubiri Mzee atoke. Siham akanitazama, akamtazama babake. Kisha akavua viatu vyake akaviweka kando, akainama upande wa pili wa baraza, akaanza kugeuza vya mstari wa chini.