Geti la Vingunguti

Mwanangu, wewe uliyekabidhiwa filimbi juzi, keti kidogo. Nakumbuka siku moja kule Vingunguti, mie mwamuzi mpya, nimekariri kitabu cha sheria mpaka namba za kurasa. Ilikuwa mechi yangu ya kupimwa. Mzee Kombo, mwamuzi mstaafu, alikaa pembeni na karatasi yake. Nikifeli, uamuzi basi tena, na mtaani nilishajitapa kwa kila mtu.

Timu moja ilikuwa ya wachinjaji wa machinjioni, nyingine imetoka Goba. Uwanja ulikuwa na geti moja. Nikaagiza wapange mistari miwili, waingie nyuma yangu, kama tulivyofundishwa darasani.

Hakusogea mtu. Goba wakasema wachinjaji wamezika kitu getini, hawakanyagi hapo. Wachinjaji wakasema kilichozikwa ni cha Goba. Kumbe siku zote walikuwa wanaruka ukuta, kila timu na upande wake, na hakuna aliyeona ajabu. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako moja. Mie nilikwenda nimekodoa yote mawili. Nikasimama getini na mpira kwapani, peke yangu, nusu saa nzima. Mashabiki wakanitungia wimbo. Sikuimbii, una adabu zako.

Mzee Kombo akaja taratibu.

"Binti yangu, sheria ya ngapi inasema mchezaji apite getini?"

Nikapekua kitabu mpaka jalada la nyuma. "Shikamoo mzee. Haimo."

"Marahaba. Sasa unamzuia nani?"

Niliona aibu, mwanangu, acha tu. Nikawaruhusu. Kipa wa Goba akachanika bukta ukutani, akadaka kwa mkono mmoja, wa pili unasitiri. Wakafungwa matatu, wakalilaumu geti.

Karibu na mwisho nahodha wa wachinjaji, pande la mtu, akamkanyaga mchezaji wa Goba kifundoni makusudi. Akaniambia, "Sista, huku ndivyo tunavyocheza." Nikamtoa kwa kadi nyekundu. Nikamwona Mzee Kombo anaandika, anatabasamu. Nikafaulu.

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Desturi isiyomwumiza mtu wala kupindisha matokeo, iache ipite hata juu ya ukuta. Inayovunja mguu wa mtu, isimamishe, hata ikija na ukoo mzima. Filimbi umepewa uwalinde wachezaji, hukupewa ulinde kiburi chako.

Nenda, Mungu akupe macho makali, miguu myepesi, na masikio mazito siku watakapomwimba mama yako.