Kumwandikisha Mama

Mke wangu huuza nguo za watoto za mitumba, na ana tabia ya kusema mambo mazito huku akikunja kitu. Jioni moja ya Desemba alikuwa akikunja sweta ndogo ndogo. Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba mtoto wetu akipata nafasi ya chekechea katika shule ya umma hapa Migosi, tutakaa Kisumu mpaka amalize shule. Asipopata, yeye atamchukua waende kwao Sondu, ambako shule iko ng'ambo ya barabara na bibi wa mtoto yuko nyumbani, na mimi niendelee kulizunguka ziwa mpaka lichoke.

"Ziwa haliwezi kuchoka," nikasema.

"Basi utachoka wewe," akajibu, akachukua sweta nyingine.

Hakuwa ananionea. Mimi ni fundi wa rangi, na rangi ni kazi ya kuhama. Ukishapaka kanisa huwezi kukaa hapo ukingoja lichakae. Tangu tuoane tulikuwa tumeishi Luanda Kotieno, tukavuka kwa feri tukaishi Mbita, tukapanda Sondu, kisha tukarudi Luanda Kotieno kwa sababu tu nilikuwa nimekumbuka jinsi wanawake wa pale wanavyocheka wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, asubuhi. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikiwa mahali napakumbuka pengine, na nikifika huko pengine nakumbuka nilikotoka. Mke wangu alivumilia kwa sababu mtoto mchanga hubebeka. Mtoto wa shule habebeki.

Mimi nilidhani kuandikisha mtoto chekechea ni kumshika mkono na kwenda. Zamani zetu mwalimu alikusimamisha mbele ya watu, akauchukua mkono wako wa kulia na kuupitisha juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la kushoto, umeiva, ingia darasani. Mimi mwaka wa kwanza nilirudishwa nyumbani. Marehemu mama yangu aliwaeleza majirani kwamba mkono haukuwa mfupi, ila kichwa ndicho kilikuwa kimetangulia.

Sasa mambo ni mengine. Jirani yetu aliyekuwa na mtoto pale shuleni alinifafanulia akifua nguo. Mtoto awe ametimiza miaka minne. Uwe na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki yenye chanjo zote, na picha. Wenye kaka na dada hapo shuleni huchukuliwa kwanza, halafu wanaoishi karibu, halafu, kama viti vimebaki, walimwengu wengine. Darasa ni moja na mwalimu ni mmoja. Na usisahau fagio.

"Fagio la nini?"

"Kila mzazi huja na fagio na karatasi ya choo. Ukienda mikono mitupu watajua wewe ni mgeni."

Akaongeza kwamba serikali imepiga marufuku mitihani ya kuingia chekechea, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi, mwalimu hatamtahini mtoto. Atamsalimia tu. "Lakini," akasema akikamua shati, "asalimike vizuri."

Siku ya kuandikisha nilifika shuleni mapema na fagio langu, nikawakuta wenzangu wamefika mapema zaidi. Foleni ilitoka mlango wa ofisi ikazunguka tangi la maji. Wote tulibeba mafagio kama watu waliokuja kusafisha nchi. Mbele yangu kulikuwa na kandambili moja ya buluu, peke yake, haina mguu. Mwenyewe alikuwa ameiacha imshikie nafasi akaenda kunyonyesha. Foleni iliposogea, mtu wa nyuma yake aliisukuma kwa heshima kwa ncha ya kiatu, na kwa kuwa mtu huyo alikuwa mimi, nikawa mlezi wa kandambili.

Mbele ya kandambili alisimama mwendesha bodaboda na mwanawe. Kila baada ya muda alimpitishia mtoto mkono juu ya kichwa.

"Imegusa!" akatangaza. "Mnaona? Huyu hata darasa ya pili anaingia."

"Baba, hiyo mambo ilikufa na viboko," akasema mama mmoja mwenye fagio la makuti. "Siku hizi wanaangalia cheti."

"Cheti iko na masikio, Mama?"

"Na hiyo sikio iko na chanjo?"

Foleni nzima ikacheka. Halafu, nilipotazama, karibu kila mzazi alikuwa akimpima mwanawe kichinichini, hata yule wa fagio la makuti. Mimi nikampima wangu. Mkono uligusa, na kupita. Akaniondolea mkono akaniambia nisimame vizuri.

Hapa lazima nieleze habari za huyu mtoto, la sivyo yaliyotokea ofisini hayataeleweka.

Mama yangu alifariki kabla binti yangu hajazaliwa. Mke wangu akiwa mjamzito, dada yangu mkubwa alimwota marehemu amesimama mlangoni akiuliza kwa nini hakuna mtu anayempa kiti. Kwetu ndoto kama hiyo haijadiliwi. Mtoto alipozaliwa msichana alipewa jina la mama, na jina likaandikwa kwenye cheti. Huko kwenye cheti ndiko lilikobaki. Nani kati yetu angemwita mama yake kwa jina, kama anayemwita mtoto wa jirani? Mimi nilimwita Mama. Dada zangu walimwita Mama. Mke wangu alimwita Mama na kumwogopa kidogo, kama mtu anavyomwogopa mama mkwe. Dada yangu akija kututembelea humletea kuku, humkalisha pajani, humshtakia mumewe. Kaka yangu alimwomba ruhusa ya kuuza fahali, mtoto ana miaka mitatu, akamkatalia, na fahali hakuuzwa.

Cheo hicho alikizoea upesi. Mimi aliniita "mtoto wangu," na sisi wakubwa tulicheka tukaona ni baraka. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja atakaa mbele ya mtu asiyemjua aulizwe yeye ni nani.

Zamu yetu ilipofika, kandambili ilikuwa imeshapata mguu wake na kuingia. Mwalimu wa chekechea alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alichukua fagio, akalijaribu sakafuni, akaliweka pembeni na mengine. Akasoma cheti, akasoma kadi ya kliniki, akaridhika. Kisha akavua miwani kuonyesha kwamba sasa ni salamu.

"Hujambo, mrembo? Unaitwa nani?"

"Mama," binti yangu akasema.

"Mama yuko sokoni, baba amesema. Wewe, wewe mwenyewe, unaitwa nani?"

"Mama."

Mwalimu akakichukua cheti akalisoma jina kwa sauti. Sikuwa nimelisikia likitamkwa tangu mazishi. Nilishtuka nikataka kusimama. Binti yangu naye aligeuka kutazama mlangoni aone ni nani anayeitwa.

"Haya," mwalimu akasema polepole. "Na huyu uliyekuja naye ni nani?"

"Mtoto wangu."

"Amekuleta shule?"

"Hapana. Mimi nimemleta."

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama mafagio.

"Na huyu mtoto wako ana miaka mingapi?"

Binti yangu alinipima kwa macho. "Mingi," akasema. "Lakini hatulii."

Hayo hakuyatunga. Ni maneno ya dada yangu, ambaye kila akija humlalamikia: Mama, sema na mtoto wako, hatulii. Nilijaribu kucheka ili mwalimu acheke pia. Hakucheka. Alivaa miwani.

"Baba, mnaishi wapi?"

"Migosi hapa hapa, Mwalimu. Nyuma ya posho mill ya kusaga unga."

"Na Mbita," binti yangu akasaidia. "Na Sondu. Na kwa feri. Na kwa lori, na kitanda."

Mwalimu akaiweka kalamu chini. Akanieleza bila ukali. Viti vilivyobaki ni vichache, na huko nje nimeiona foleni. Mwaka uliopita walimpa nafasi mtoto ambaye baba yake alikuwa mtu wa safari. Kabla ya Pasaka familia ikahama bila kuaga, na kiti kikakaa kitupu wakati watoto wa majirani wanachungulia darasa kupitia ua.

"Siwezi kumpa kiti mtu anayepita," akasema. "Kwa hivyo nakuuliza, Baba, kama mtu mzima. Mtakaa?"

Lilikuwa swali jepesi na nilikuwa na jibu. Nilimwona mke wangu akikunja nguo na kuzitia kwenye gunia la kwenda Sondu. Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Lakini ndiyo hiyo nilikuwa nimewapa wenye nyumba wengi, kuanzia Luanda Kotieno mpaka ng'ambo, na ilipofika kooni niliiona jinsi ilivyochakaa. Ningeipaka rangi gani tena?

"Atakaa," binti yangu akasema.

"Nani amesema?" mwalimu akauliza.

"Mimi. Akihama nitamchapa."

Nilidhani sasa tutafukuzwa. Mwalimu aliniinamia kutoka ng'ambo ya meza, akashusha sauti kama tuko msibani.

"Jina ni la nani?"

"La mama yangu."

"Ametangulia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akaegemea kiti. "Wewe ungesema tangu mwanzo! Mimi kwetu Vihiga, kifungua mimba wangu ni baba yangu mzazi. Alipokuwa mdogo, kabla ya kumchapa nilikuwa naomba msamaha kwanza." Kisha akamgeukia binti yangu, na sauti ikabadilika. Haikuwa tena ile ya kusema na watoto. "Mama, nisikie. Huyu mtoto wako nimemwona. Ni mkubwa, viti vyetu havimtoshi. Lakini unanihakikishia hatahama?"

"Atakaa."

"Nikikuuliza mwaka ujao?"

"Atakaa."

"Basi mimi nakuamini wewe. Yeye simwamini." Akachukua kalamu. "Lakini kuna kazi. Nina watoto wengi humo ndani na mimi ni mmoja. Utakubali kukaa nao, wewe, asubuhi mpaka adhuhuri, yeye aende kazini?"

Binti yangu aliinuka, akaenda mpaka mlango wa darasa, akachungulia wale waliokwisha kupokelewa. Mwana wa mwendesha bodaboda alikuwa analia chini ya meza. Alimtazama kwa muda, akarudi.

"Sawa," akasema. "Huyo mmoja apanguswe pua."

Mwalimu akaandika. Akaniambia wataanza Jumatatu, na kwamba jambo moja lazima lirekebishwe: mtoto ajue jina lake, maana asubuhi huitwa majina na hawezi kuandika "Mama" kwenye rejista ya kaunti.

Hilo lilitutesa kuliko foleni. Nilipofika nyumbani mke wangu aliacha kukunja nguo, akanishika mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu feri ya mwisho. Halafu nikamwambia kuhusu jina. Akaachia mikono.

"Mwite wewe," akasema.

"Mimi nimwite mama yangu? Mwite wewe."

"Mimi nimwite mama mkwe? Unataka nife?"

Tulijaribu. Nilisimama mlangoni, nikavuta pumzi, nikatoa silabi ya kwanza, nikakohoa. Mwishowe tulimwendea mpangaji mwenzetu wa mlango wa tatu, kijana kutoka Kakamega ambaye hana undugu wowote na marehemu. Mwisho wa wiki nzima alikaa kwenye kibaraza chake akimwita binti yangu kwa jina kamili, na kila akiitika alipewa kipande cha muwa. Sisi wawili tulijifungia ndani ili tusisikie. Kufikia Jumapili jioni aliitika bila muwa, ingawa aliniambia kando kwamba huyo kijana hana adabu.

Wiki chache baadaye simu yangu ililia nikiwa juu ya ngazi, napaka duka moja hapa mjini. Alikuwa rafiki yangu wa tangu utotoni, fundi wa rangi kama mimi.

"Omera, ndugu yangu, uko wapi? Nimepata hoteli Mbita. Mpya kabisa, ghorofa tatu, inatazama maji. Chakula juu yao. Feri ya kesho nakungoja."

Niliiona hoteli. Niliona ukuta mweupe ambao haujaguswa, na maji chini yake yakibadilika rangi kila saa bila msaada wa fundi. Hata brashi mkononi niliiona ikinigeukia. Nikakaa kwenye kidato cha ngazi.

"Siwezi," nikasema. "Mama amekataa."

"Mama yupi?" akauliza. " Mama yako si tulimzika? Mimi nilibeba jeneza upande wa kichwa."

"Huyo huyo. Yuko chekechea, hapa Migosi. Alimwahidi mwalimu kwamba nitakaa."

Nikasikia upepo wa ng'ambo ukivuma ndani ya simu yake.

"Analia asubuhi?" akauliza.

"Yeye? Wanaolia ni wenzake. Amewapanga mstari wa kunawa mikono, na mwalimu amemwacha."

"Ndiye huyo," rafiki yangu akasema, na sauti yake ilikuwa imepata adabu. "Basi sitakushawishi. Msalimie, mwambie mimi ni mzima, na ile kazi ya Mbita nitampa mtu mwingine."