Nilivyotafuna Jiwe la Maprofesa

Wacha niseme tu: nilikula utafiti wa maprofesa watatu, nikautafuna kru kru mbele yao nikiwamiminia chai.

Kazi yangu hapa Jeddah ni chai na usafi kwenye chuo, na wakati huo nilikuwa bado kwa miezi ya majaribio. Maprofesa hao walikuwa wanabishana, mmoja wa somo la viumbe, mmoja wa sayari, na Daktari Salma wa kemia, Mzanzibari. Mezani kulikuwa na tende, na kando yake kisahani cha vijiwe vitatu vya kijivu. Nikaona odowa! Yale mawe laini akina mama kwetu Kenya hutafuna wakiwa na mimba. Mimi hata mimba sina, lakini hamu ninayo. Nikasema, kumbe wasomi pia hula? Nikachukua kimoja.

Mara yule wa sayari akauliza, "Jiwe la tatu liko wapi?" Wote wakainama chini ya meza. Na mimi nikainama, natafuta kwa bidii.

Daktari Salma akaniangalia midomo. "Mwende, umekula? Hilo tumelitengeneza miezi minne, lifanane na udongo wa mwezini, tuoteshe maharage!"

"Nitakufa, Daktari?"

"Hufi."

"Na kazi?"

"Kazi ipo. Lakini chai utakuwa unaiacha mlangoni."

Jioni nikamwambia Atieno, tunayeishi naye mtaa wa Bani Malik. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Watu wa huku wanautafuta mwezi ndio wafunge," akasema, "wewe umeupata ukautafuna!"