Limi wa Simu ya Upepo

Limi hakuzaliwa na ujasiri, na wanaosema hivyo siku hizi hawakumjua. Alizaliwa Ushetu kwa walima tumbaku, akakua akiogopa radi, akiogopa mbwa, akiogopa hata kuku mwenye vifaranga. Kitu kimoja tu hakikumtisha: simu ya upepo. Alijifunza kuitumia kwenye zahanati ya misheni, akiwaita madaktari wa mbali kwa sauti iliyonyooka, na sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi mwaka 1997 katika kambi moja ya uchimbaji upande wa Bulyanhulu. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo na imeshakufa, tuiache ilale.

Aliajiriwa yeye, kisha mumewe Mihayo akapewa kuangalia pampu chini shimoni, kisha baba mkwe, Mzee Amosi, akapewa ulinzi wa lango. Watu waliwatania kwamba wamebaki ng'ombe wao tu kuajiriwa.

Sasa, mkwe aliyelelewa vizuri Usukumani anajua mipaka yake. Limi hakumtazama Mzee Amosi usoni, wala hakumpa kitu mkononi. Mzee naye aligeuza uso kila mkwe wake alipopita. Lakini redioni mzee alikuwa huru kumwita Limi kwa jina la mtoto wake, na alipenda salamu kuliko ugali. "Mwangaluka, mama Rhoda! Mmeamkaje? Watoto je? Ng'ombe je? Huko mvua?" Aliuliza haya ilhali wamelala ua mmoja. Tena hakuachia kitufe mpaka aitikiwe. Kuondoa kidole mapema, kwake, ilikuwa sawa na kumpa mtu mgongo katikati ya salamu.

Limi alijua kwamba kidole kikiwa kwenye kitufe mzee hasikii neno. Alijua, akanyamaza. Mkwe atamfundishaje baba mkwe kusalimia? Mzee akichoka kungoja aliachia mwenyewe, akaitikiwa, akafurahi, kazi ikaendelea.

Ndipo akaja fundi Umesh, kijana wa duka la vipuri Kahama, mpole na mwingi wa wasiwasi. Alifunga mtambo mpya: mnara kilimani, na waya mrefu ulioshuka shimoni ili sauti ipite hadi chini ya ardhi. Kabla ya kuukabidhi alitaka kuubebesha mzigo. Njia ya sauti ilikuwa moja: abonyezaye anaichukua, aachiaye anampisha mwenzake. Umesh alitaka kujua, vituo vyote vikiita kwa kufuatana bila kupumua, mtu wa chini atapata nafasi upesi kiasi gani.

"Leo kengele ya shimoni isiguswe," alisema. "Tukiitegemea kengele, hatutajua kama redio inatosha."

Akaifungua hata kamba yake, ile mtu wa chini huivuta akitaka kupandishwa, akaenda zake kilimani kuangalia mnara. Mihayo akashushwa peke yake kwa ndoo ya winchi, maana ngazi ilikuwa haijafika chini. Watu wa winchi wakaambiwa wasivute mpaka Limi aseme. Limi alilisikia agizo hilo akaogopa. Lakini wakati huo hata woga wake aliuonea haya, akaenda kukaa redioni.

Mambo yalianza vizuri. Jiko likaita, karakana ikaita, ghala likaita, na katikati yao Mihayo akapenya: "Chini hapa, nawasikia." Limi akashusha pumzi. Kisha lango likaita.

"Mwangaluka, mama Rhoda! Mmeamkaje?"

"Mwangaluka, baba. Tumeamka salama. Achia."

Mzee hakuachia. Pumzi yake ilijaa redioni, nzito, yenye subira, ikingoja kuitikiwa. Na chini ya pumzi hiyo Limi akasikia sauti nyingine, nyembamba, inayokatikakatika. "...pampu... imezima... maji..."

Limi alibonyeza, akaita, akapiga kelele kwenye redio kama mwehu, nani amsikie? Mzee alikuwa ameikalia njia. Limi alichungulia dirishani akaita watu, jenereta likaimeza sauti yake. Winchi ilikuwa mbali, nyuma ya kilima cha kifusi. Lango ndilo lililokuwa karibu.

Alikimbia. Kanga ilimdondoka akaiacha. Kichwani mlikuwa na neno moja tu: maji, maji, maji. Alipofika mbele ya Mzee Amosi, magoti yake ya kijinga yakataka kupiga goti la heshima, kwa mazoea.

"Baba, achia!"

Mzee aligeuza uso pembeni, kama ilivyo adabu, akainua mkono wa pili kumtuliza. "Subiri, mama. Nasalimia."

Limi akamshika. Alimshika kiganja baba mkwe wake mchana kweupe, akakikunjua kidole kimoja kimoja, akampokonya redio.

"Mama Rhoda! Umepatwa na nini?"

Njia ilipofunguka, sauti ya Mihayo ikalipuka katikati yao. "Limi! Maji yamefika kifuani! Limi, hamnisikii?"

"Nakusikia, panda kwenye ndoo! Winchi, vuta! Vuta sasa hivi!"

Ng'ambo ya kifusi winchi ikaguna. Limi na mzee wakakimbilia huko, naye hakujua tena nani yuko mbele, mkwe au baba. Kamba ilipanda polepole kwa ukatili. Limi alitamani kuivuta kwa meno. Ndoo ikatokeza, na ndani yake Mihayo, amejikunja, anatetemeka, hai.

Umesh aliwasili akihema. Kule mnarani alikuwa amekiona kitaa kiwakacho mtu akibonyeza kimegoma kuzimika, lakini nani aliyeshikilia kitufe hakujua.

"Wameita wangapi kwa mpigo, mama Rhoda? Wangapi wameuelemea mtambo wangu?"

Limi aliogopa. Amtaje mzee mbele ya watu, baada ya kumvunjia heshima namna ile? Aliinamisha macho, akaushika mkono wa shati la mumewe, limelowa chapa.

Mzee Amosi alisogea mpaka pembeni ya Limi. Safari hii hakugeuza uso.

"Mmoja," alisema. "Mimi, baba yake."